Dhuluma Ina Mwenyewe: Mkosi na Haki katika Historia ya Besiboli

Besiboli ni mchezo uliojengwa juu ya kushindwa. Mrushaji husimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, mpigaji humngojea na gongo mkononi umbali wa mita 18 na ushei, na nyuma ya mrushaji walinzi saba hutapakaa kuzuia mpira usitue chini. Mpigaji anayezunguka besi zote nne na kurudi nyumbani huipatia timu yake pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inahamia upande wa pili, na mechi ina awamu tisa. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila nafasi kumi huhesabiwa bingwa, maana yake hata bingwa hushindwa mara saba. Mpira uliopigwa kwa nguvu zote waweza kuingia moja kwa moja kwenye glovu ya mlinzi, na uliopigwa ovyo ukadondoka mahali pasipo na mtu.

Yote hayo huandikwa. Matokeo ya mechi yana safu tatu: pointi, mapigo safi na makosa, na kila kosa huwekwa jina la aliyelifanya. Kwa zaidi ya karne moja mchezo huu umewafundisha Wamarekani kuishi na mkosi. Lakini umewafundisha pia mazoea mawili mabaya: kumbebesha mtu mmoja lawama ya jambo lililomwangukia, na kuliita bahati mbaya jambo ambalo watu waliketi wakaliamua. Historia yake ni historia ya kuchanganya mkosi na dhuluma, na ya gharama waliyolipa wengine kwa mchanganyo huo.

1883–1887: Mlango unafungwa

Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi kutoka Ohio aliyesoma katika chuo cha Oberlin, alikuwa mdakaji wa timu ya Toledo. Mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaorushwa, na enzi hizo kazi hiyo ilifanywa kwa mikono iliyokuwa karibu mitupu. Mwaka 1884 Toledo iliingia American Association, iliyohesabiwa kuwa ligi kuu, na Walker akacheza mechi 42 kabla majeraha hayajamweka nje.

Mwaka mmoja nyuma, Cap Anson, nahodha wa Chicago na mmoja wa nyota wakubwa wa zama zake, alikuja Toledo na kutangaza kwamba timu yake haitaingia uwanjani na mchezaji mweusi. Wenyeji wakamjibu kuwa asipocheza hatapata mgawo wa mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Tukio hilo linaonyesha kwamba mwanzoni ubaguzi ule ulikuwa na bei, na kwamba mtu mwenye msimamo angeweza kuuzuia.

Miaka minne baadaye msimamo huo haukupatikana. Tarehe 14 Julai 1887 Anson alipokwenda Newark, mrushaji mweusi George Stovey aliyetarajiwa kucheza hakushuka dimbani. Siku hiyohiyo viongozi wa International League, ligi ya daraja la chini, walipiga kura ya kutotoa tena mikataba kwa wachezaji weusi. Ligi kuu hazikuandika kanuni yoyote, kwani makubaliano ya mdomo yalitosha. Mlango uliofungwa kimyakimya ulikaa hivyo kwa miaka 60, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

1908: Kijana wa miaka 19

Wakati dhuluma ile ikijificha nyuma ya ukimya, mkosi wa kijana mmoja ulitangazwa nchi nzima.

Tarehe 23 Septemba 1908 New York Giants waliwakaribisha Chicago Cubs katika uwanja wa Polo Grounds. Timu hizo zilikuwa bega kwa bega kuwania ubingwa. Fred Tenney, mlinzi wa besi ya kwanza wa Giants, alikuwa anaumwa mgongo, na nafasi yake akapewa Fred Merkle, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu ule.

Awamu ya tisa ilifika matokeo yakiwa 1-1 na wapigaji wawili wa Giants wametolewa. Moose McCormick alikuwa besi ya tatu, Merkle besi ya kwanza. Al Bridwell akaupiga mpira ukapenya katikati, McCormick akafika nyumbani, na mashabiki wakamiminika uwanjani kusherehekea. Merkle, aliyekuwa anakimbilia besi ya pili, alipoona watu wamevamia aligeuka na kwenda zake vyumba vya kubadilishia nguo. Hivyo ndivyo wachezaji walivyozoea kufanya mechi inapoisha namna ile.

Kanuni, hata hivyo, ilimtaka aiguse besi ya pili, la sivyo pointi ya ushindi isingehesabiwa. Johnny Evers wa Cubs aliijua kanuni hiyo vizuri, kwa sababu wiki tatu hazijatimia tangu timu yake ilipodai jambo lilelile huko Pittsburgh na mwamuzi Hank O'Day akalikataa. Sasa, katikati ya vurugu, Evers akasimama juu ya besi akiwa na mpira mkononi, na mwamuzi alikuwa O'Day yuleyule. Safari hii akakubali. Pointi ikafutwa na mechi ikahesabiwa sare.

Msimu ulipokwisha, timu hizo mbili zikawa zimelingana kabisa. Mechi ikarudiwa tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4-2, kisha wakatwaa ubingwa wa nchi. Magazeti yakambandika Merkle jina la bwege, na jina hilo likamfuata hadi kifo chake mwaka 1956. Meneja wake John McGraw alimtetea na hata kumwongezea mshahara, lakini sauti ya mtu mmoja haikuzidi ile ya magazeti. Giants walipoteza mechi zaidi ya 50 mwaka ule, na katika hizo hakuna aliyeona haja ya kumtafuta mkosaji. Lawama yote ya msimu iliwekwa juu ya kijana aliyefanya kila alichowaona wakubwa zake wakifanya.

1920–1947: Waliozaliwa upande wa pili wa mlango

Mwaka 1920 Rube Foster, mrushaji na meneja mweusi, aliwakusanya wamiliki wa timu huko Kansas City wakaunda Negro National League. Hapo ndipo zilipoanza Ligi za Weusi, zilizokuwa na timu kama Kansas City Monarchs na Homestead Grays na kuwapa watu weusi ajira, fahari na mahali pa kukutana Jumapili. Timu hizo mara nyingi zilikodi viwanja vya timu za wazungu. Homestead Grays walicheza mechi zao nyingi katika uwanja wa Griffith mjini Washington, na mwenye uwanja akapokea kodi yao huku timu yake mwenyewe ikikataa kumsajili hata mmoja wao.

Nyota wa Grays alikuwa Josh Gibson, mzaliwa wa Georgia aliyekulia Pittsburgh. Mwaka 1930 mkewe Helen alifariki akijifungua mapacha, na Gibson, ambaye hakuwa ametimiza miaka 19, akabaki na watoto wawili wachanga. Huo ulikuwa msiba, na misiba humfika yeyote. Mwaka 1943 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo, nao haukuwekwa na mwanadamu. Lakini kwa miaka yote hiyo alikuwa mpigaji mwenye nguvu za ajabu, na hakuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja katika ligi kuu. Hilo liliamuliwa na watu wenye majina.

Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa besiboli tangu mwaka 1920, alitangaza mwaka 1942 kwamba hakuna kanuni inayowazuia weusi. Kwa maandishi alisema kweli. Lakini hadi anafariki mwaka 1944, hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa amesajiliwa na timu ya ligi kuu. Baada yake Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alimsajili mchezaji mweusi Jackie Robinson kutoka Monarchs, bila kuilipa Monarchs hata senti.

Gibson alifariki kwa kiharusi tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Robinson alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Kwa kuwa tarehe hizo zimekaribiana mno, watu wengi wamesimulia kisa cha Gibson kama cha mtu aliyezaliwa mapema kidogo. Masimulizi hayo yanawaosha mikono waliohusika. Moses Walker alikuwa amezaliwa mapema zaidi, akacheza. Kati ya Walker na Robinson kalenda haikumzuia mtu. Waliozuia walikuwa wamiliki wa timu, kila msimu, kwa kukubali tena yale waliyokubaliana msimu uliopita.

Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa ufa. Satchel Paige, mrushaji aliyetajwa pamoja na Gibson kwa umaarufu, aliingia Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Boston Red Sox hawakumchezesha mtu mweusi hadi mwaka 1959. Ligi za Weusi, zilizopoteza nyota wao bila fidia ya maana, zilisambaratika.

1959: Mkosi usio na mshtakiwa

Ili kuijua dhuluma vizuri, inafaa kuutazama mkosi mtupu. Tarehe 26 Mei 1959 Harvey Haddix wa Pittsburgh, akiwa na mafua, aliwatoa wapigaji wote 27 wa Milwaukee katika awamu tisa bila hata mmoja kufika besi ya kwanza. Huo huitwa mchezo kamili, na ni wachache mno waliowahi kuufikia. Tatizo ni kwamba wenzake, waliopata mapigo safi 12 usiku ule, hawakupata pointi hata moja. Haddix akaendelea hadi wapigaji 36, awamu 12 kamili. Katika awamu ya 13 mlinzi mwenzake alirusha mpira vibaya, na baadaye Joe Adcock akaupiga mmoja ukavuka uzio. Haddix akashindwa 1-0.

Hakuna aliyemdhulumu. Wenzake walijitahidi, wapinzani walicheza kwa haki, mwamuzi hakukosea. Mwaka 1991 kamati ya ligi iliandika upya maana ya mchezo kamili, na mechi yake ikaondolewa kwenye orodha. Hasara ya namna hii mtu huibeba kwa subira, na Haddix aliibeba.

1968–1975: Mtu mmoja, hasara mbili

Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikutana na aina zote mbili za hasara ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa miongoni mwa walinzi bora wa uwanja wa kati. Katika mechi ya saba ya fainali ya mwaka 1968 dhidi ya Detroit, bado 0-0 katika awamu ya saba, aliukadiria vibaya mpira mrefu wa Jim Northrup. Mpira ukampita, Detroit wakafunga, na ubingwa ukaenda. Flood alilikubali kosa lake.

Oktoba 1969, baada ya misimu 12 na Cardinals, aliarifiwa kwa simu kwamba amebadilishwa kwenda Philadelphia. Hakuulizwa. Tangu mwaka 1879 timu zilijipa haki ya kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ukiisha, zikimuuza au kumbadilisha zitakavyo, naye asiweze kujadiliana na timu nyingine. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba besiboli si biashara ya kuvuka majimbo, na kwa hiyo sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu.

Mshahara wa Flood ulikuwa dola 90,000, na Philadelphia walikuwa tayari kumlipa zaidi. Yeye hakuangalia fedha. Desemba 1969 alimwandikia kamishna Bowie Kuhn akisema kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikuwa amemwonya kwamba kesi itamgharimu kazi yake na huenda akashindwa. Flood aliuliza kama wengine watafaidika. Alipojibiwa ndiyo, akaendelea.

Jackie Robinson, nywele zimeshakuwa nyeupe, alikuja mahakamani kumtolea ushahidi. Wachezaji waliokuwa bado wanacheza hawakuja, kwani kila mmoja aliogopa mwajiri wake. Juni 1972 Mahakama Kuu ilimkatalia Flood kwa kura 5 dhidi ya 3. Alikuwa ameukosa msimu mzima wa 1970 na kucheza mechi 13 tu mwaka 1971 kabla ya kuachana na mchezo.

Lakini suala alilolifungua halikufungika tena. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliokaa msimu mzima bila kusaini mkataba mpya, wako huru. Tangu hapo mchezaji aliyetimiza miaka yake ya utumishi aliweza kuchagua anakokwenda, na mishahara ikapanda kwa kasi. Flood hakuonja matunda hayo. Alifariki tarehe 20 Januari 1997, miaka 50 kamili baada ya Gibson.

Mpira wa Northrup ulikuwa kosa la sekunde moja, na Flood aliumeza. Mfumo wa mikataba ulikuwa kazi ya miaka 90 ya watu waliofaidika nao, na huo alikataa kuumeza. Kuzitenga hasara mbili namna hiyo kulihitaji ujasiri mkubwa kuliko kudaka mpira wowote.

1986–2008: Lawama inarudi

Tarehe 25 Oktoba 1986 Boston Red Sox, waliokuwa hawajachukua ubingwa tangu 1918, waliongoza 5-3 dhidi ya New York Mets katika awamu ya kumi ya mechi ya sita ya fainali. Wapigaji wawili wa Mets walikuwa wametolewa. Yakafuata mapigo safi matatu, kisha mpira uliorushwa ovyo ukasawazisha 5-5. Ndipo Mookie Wilson akapiga mpira mwepesi uliomwendea Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza mwenye vifundo vibovu vya miguu. Ukapita katikati ya miguu yake. Mets wakashinda 6-5, na mechi ya saba pia.

Ushindi ulikuwa umeshaponyoka kabla mpira haujamfikia, na mechi moja ilikuwa bado imesalia. Hayo hayakumsaidia. Buckner, mwenye mapigo safi 2,715 maishani, alizomewa na kufuatwafuatwa hadi akahamia Idaho. Boston walitwaa ubingwa mwaka 2004, na Aprili 2008 wakamwita uwanjani kurusha mpira wa ufunguzi. Mashabiki walisimama wakampigia makofi, naye akalia. Yalimfika Merkle, yakamfika yeye: umati unapoumia hutaka jina moja la kulilaani.

2010–2014: Kosa lililokiriwa

Tarehe 2 Juni 2010 mjini Detroit, Armando Galarraga, mrushaji kutoka Venezuela, aliwatoa wapigaji 26 mfululizo wa Cleveland. Wa 27 alikuwa Jason Donald. Mpira ulipigwa chini, Miguel Cabrera akaudaka na kumrushia Galarraga, aliyeigusa besi ya kwanza waziwazi kabla ya Donald. Mwamuzi Jim Joyce akatangaza kwamba Donald amewahi. Galarraga akatabasamu, akarudi kwenye kichuguu, akamtoa mpigaji aliyefuata.

Baada ya mechi Joyce aliitazama picha ya video na kuona kosa lake. Hakutafuta kisingizio. Alimwomba Galarraga radhi huku akilia, na akawaambia waandishi wa habari kwamba amemnyang'anya kijana mchezo kamili. Kesho yake alirudi kazini, na Galarraga akatumwa kumpelekea karatasi ya majina ya wachezaji. Walipeana mikono mbele ya umati.

Kamishna Bud Selig alikataa kuubadilisha uamuzi, na mechi ile haimo kwenye orodha hadi leo. Hata hivyo, mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya video ili maamuzi kama yale yaweze kurekebishwa papo hapo. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Galarraga hakupewa haki yake, lakini waliomfuata wamewekewa pa kuidai, kwa sababu aliyekosea alisema nimekosea.

2011–2012: Watoto wa Kampala na Lugazi

Mwaka 2011 swali la mkosi na dhuluma lilifika Afrika Mashariki. Timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyochezwa Poland, ikawa ya kwanza ya Afrika kufuzu fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Haikusafiri. Maofisa wa Marekani waliwanyima viza, wakisema taarifa za umri wao hazilingani, na nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia. Kanuni ya umri ni ya haki, nayo huwalinda watoto wote. Lakini iliwekwa kwa kudhani kwamba kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa siku ileile, na katika vijiji vingi vyetu sivyo. Makaratasi hayo ni kazi ya serikali na ya wazazi, na aliyeadhibiwa ni mtoto.

Watoto wa Langley, Kanada, waliopangwa kukutana nao, hawakuliacha jambo liishie hapo. Januari 2012 walisafiri hadi Uganda kuicheza mechi iliyokosekana, na wenyeji wakashinda 2-1. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Williamsport.

2020–2024: Vitabu vinafunguliwa

Desemba 2020 Ligi Kuu ya Besiboli ilitangaza kwamba Ligi za Weusi za miaka 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zao ziliingizwa rasmi. Josh Gibson akapanda kileleni mwa orodha ya wastani wa kupiga wa maisha yote kwa .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367.

Orodha hiyo ni haki iliyocheleweshwa hadi miaka 77 baada ya kifo chake, na ni vema imetolewa. Haimrudishii mshahara aliostahili, wala mechi alizonyimwa. Ndiyo maana kungoja hakutoshi. Panapotokea hasara, swali la kwanza ni kama kuna aliyeamua iwe hivyo. Kama hayupo, tumwache aliyeangukiwa apumzike, kama Merkle na Buckner walivyostahili kuachwa. Kama yupo, atajwe jina akiwa bado ofisini na aliyedhulumiwa akiwa bado hai, kwa kuwa haki inayomkuta mtu kaburini huwafaa zaidi waliomnyima kuliko yeye.